Vidonge vya Bi Somoe Nchini Sijambo

Bi Somoe Mnali husema kwamba katika wanawake wote wa Mtaa wa Kisimani, yeye ndiye pekee aliyekwenda nchi ya Sijambo akarudi. Kisha, kabla hujamsifu, huongeza kwamba hakuna mwingine aliyewahi kutaka kwenda, na kwamba hata yeye alikuwa amepotea njia.

Alipoteaje, tusimuulize. Akifika sehemu hiyo anataka chai, na chai yeye anapimiwa. Moyo wake umechoka. Unasukuma damu kama mtu anayetwanga huku anasinzia, kwa hiyo maji yanabaki mwilini, yanashuka miguuni, na yakikosa nafasi huko yanapanda kifuani. Siku alipotoka hospitali, nesi Asteria, mwanamke mwembamba asiyecheka hovyo, alimkalisha kwenye benchi akampa masharti.

"Kila asubuhi, ukishatoka chooni, kabla ya chai, unapanda kwenye mizani. Unaandika kwenye daftari. Ukiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu unanipigia simu, husubiri. Chumvi weka mbali. Maji, chai, uji, vyote kwa pamoja lita moja na nusu. Na hiki kidonge cha kutoa maji, kimoja kila asubuhi, hata siku unayojisikia unaweza kucheza ngoma."

"Nikijisikia naweza kucheza ngoma si ndiyo nimepona?"

"Ndiyo kidonge kinafanya kazi, bibi."

Bi Somoe aliyashika yote isipokuwa la chumvi. Hata hiyo chumvi aliiacha, ila aliiacha mbele za watu.

Sasa nchi yenyewe. Katikati ya Sijambo iko hospitali moja kubwa, safi, yenye madaktari hodari, na kuizunguka umechorwa mstari mweupe wa chokaa. Sheria ya kwanza ya nchi ni fupi kiasi kwamba hata watoto wanaijua: ugonjwa unaishia mstarini. Aliye ndani ni mgonjwa, hupewa dawa, hupimwa, hunyimwa chumvi, huulizwa kila saa anajisikiaje. Akivuka mstari ni mzima, na kumuuliza anajisikiaje ni kumtukana.

Sheria hiyo haikukosa matatizo. Mwaka mmoja kabla ya Bi Somoe kufika, mzee mmoja alichoka akitoka, akasimama kupumzika, mguu mmoja ndani na mwingine nje. Walinzi hawakujua wamtendeje. Baraza likaitwa, likajadili siku mbili, mzee akiwa amesimama pale pale ameshikilia geti. Mwishowe waliamua kwamba mguu wa ndani ufungwe bandeji na wa nje uvishwe kiatu. Ule wa nje ulikuwa umevimba hauingii, kwa hiyo ikaandikwa kwamba umenenepa, na mzee akapewa pongezi.

Maana kule kuvimba si kuvimba, ni kunawiri. Bi Somoe aliligundua hilo saa ile ile ya kupokelewa. Ofisini palikuwa na watu wawili. Mmoja ni Bwana Buheri, Mkuu wa Uzima, mtu mzito mwenye joho refu na makubazi yaliyokatwa visigino ili miguu ipate kuingia. Nyuma yake walisimama wapagazi wamembebea mito saba ya kulalia, imetariziwa, mmoja juu ya mwingine. Wa pili ni Karani Nukuu, mtu mkavu, mwenye kalamu nyuma ya kila sikio.

"Karibu," alisema Bwana Buheri, akavuta pumzi. "Bibi." Akavuta tena. "Hujambo?"

"Nashukuru, baba, isipokuwa moyo kidogo..."

Karani Nukuu alikohoa. "Jibu ni moja, bibi. Sijambo."

"Haya. Sijambo."

"Nilishaandika," alisema karani, akamwonyesha daftari. Ndani mlikuwa na jina la Bi Somoe na siku zote za mwaka ule hadi mwisho, na mbele ya kila siku neno moja kwa mwandiko mzuri: hajambo, hajambo, hajambo.

Bwana Buheri akainama kwa shida, akambonyeza muundi kwa dole gumba. Ngozi ikarudi mahali pake. Akajaribu mguu wa pili, nao ukarudi. Akatikisa kichwa kwa huruma.

"Masikini. Hana kitu."

Maana wenzetu wale, ukimbonyeza mtu muundi na shimo likabaki, hiyo ni heshima. Shimo likikaa mpaka umalize kunywa kikombe cha kahawa, huyo ni mtu wa kupewa mke. Nao mto ndio cheo chao. Mtu wa kawaida hulalia mmoja. Akianza kukosa pumzi akilala chali, huongezwa wa pili kwa sherehe ndogo, kisha wa tatu, na kila mto unaoongezwa watu wanampisha njia. Mwenye mito saba halali tena, hukaa wima kitandani hadi asubuhi, na husemwa kwamba analiwazia taifa.

Kisha walimkagua mkoba. Kanga mbili, daftari la uzito, na pakiti ya vidonge ishirini na vinane.

"Hivi ni vya nani?" aliuliza karani.

"Vyangu. Naumwa moyo."

"Bibi, wewe uko nje ya mstari. Huumwi. Mtu asiyeumwa akikutwa na dawa, dawa inakuwa haina mwenyewe." Akavitia kwenye bahasha, akaandika ishirini na vinane juu yake, akaigonga muhuri, akamkabidhi Bwana Buheri kwa mikono miwili. Mkuu wa Uzima akaitia ndani ya joho kwa uangalifu ambao Bi Somoe, wakati ule, aliudhania kuwa ni adabu ya kazi.

Alipangiwa nyumba ya Bi Afueni, mjane wa mito mitatu, mcheshi, ambaye maneno yake yalitoka kwa awamu kwa sababu ya pumzi. Chakula cha kwanza kilikuwa ng'onda wa kukaanga, kwani desturi yao ni kumkaribisha mtu aliyevuka mstari kwa samaki wa chumvi, kumpongeza kwa kupona. Sheria hii, Bi Somoe anakiri, hakuiona mbaya hata kidogo. Alikula wawili, akalamba vidole, akamshukuru Mungu kwamba nesi Asteria hana pasipoti.

Asubuhi akauliza mizani. Kila nyumba kule inayo, hospitali huigawa bure. Ya Bi Afueni ilikuwa ukutani sebuleni, imezungushiwa maua ya plastiki, karibu na picha ya Bwana Buheri.

"Niteremshie nipande, shoga."

"Upande?" Bi Afueni alicheka mpaka akashika kifua. "Mizani... ya watu... unaikanyaga na miguu?"

"Sasa nyie mnaifanyia nini?"

"Tunaifuta vumbi. Ijumaa."

Bi Somoe aliiteremsha mwenyewe. Bi Afueni akafunika macho kwa heshima ya picha. Mshale ukasimama kwenye hamsini na tisa. Nyumbani alikuwa hamsini na nane. Akaandika, akasema moyoni kwamba kilo moja ni samaki. Siku ya pili ilikuwa sitini. Siku ya tatu sitini na moja, na viatu vyake vilikuwa vimeanza kumbana.

Ikawa ndiyo mambo yake yananyooka. Jirani mmoja alimbonyeza muundi mlangoni, shimo likabaki, akapiga vigelegele. Jioni ile ile wakaja na mto wa pili, wameufunga utepe. Bi Somoe hakatai kwamba alijisikia vizuri. Miaka sitini na tisa ameishi Kisimani hajapigiwa vigelegele ila siku ya harusi, na hata siku hiyo vilikuwa vya mume. Alisimama, akawahutubia, akawashukuru kwa imani yao. Katikati ya hotuba pumzi ikamkatikia, nao wakamshangilia zaidi.

Alipokaa ndipo hofu ikamwingia. Akamgeukia mwenyeji wake.

"Bi Afueni, marehemu mumeo alikuwa na mito mingapi?"

"Saba," alisema Bi Afueni, akajinyoosha kwa fahari. "Aliipata yote ndani ya mwezi. Hajawahi kutokea... mtu aliyepanda haraka vile."

"Halafu?"

"Halafu akastaafu."

"Akaenda wapi?"

Bi Afueni akatazama mikono yake. "Alistaafu ameketi. Tulimletea chai asubuhi... tukadhani bado anawaza."

Bi Somoe alijua sasa ngazi anayopandishwa inafika wapi, na kwamba kitu pekee cha kumteremsha kimo ndani ya joho la Bwana Buheri.

Alijaribu kwanza simu. Hospitali ya Sijambo ina simu nzuri, na anayeipokea ana sauti ya upole. Akasikiliza yote, kilo tatu, miguu, pumzi, akasema hali hiyo ni ya hatari, dawa inahitajika leo leo, na je, mama anapiga kutoka wodi gani?

"Sipigi kutoka wodini. Napigia kwa watu."

"Basi samahani, mama. Kwa watu hakuna wagonjwa." Ikakatwa.

Ikabaki kwenda Baraza la Uzima, ambalo hukaa kila baada ya siku tano. Bi Somoe aliingia barazani siku ya tano akiwa na kilo sitini na tatu, mito mitatu, na Bi Afueni wa kumshika mkono. Ngazi sita za mlangoni walizipanda kwa vituo viwili. Wajumbe walikuwa kumi na wawili, wote wenye mito kuanzia mitano, kila mmoja ameegemea ya kwake. Bwana Buheri alikuwa kitini mbele. Alivaa viatu vya kufunika, vya ngozi, na soksi.

Bi Somoe aliviangalia vile viatu. Akaangalia kifundo cha mguu, kilikuwa na umbo la kifundo cha mguu. Na Mkuu wa Uzima alifungua kikao kwa sentensi ndefu, asivute pumzi hata mara moja. Wajumbe walinong'onezana kwamba hayo ndiyo matunda ya kuliwazia taifa.

"Hoja iliyo mbele yetu," alisema, "ni ya mgeni anayedai arudishiwe sumu. Nawaombeni radhi dakika moja, nakwenda kumkagua mlinzi." Akatoka kwa mwendo wa haraka.

Aliporudi mjadala ulianza. Mjumbe wa kwanza alisema suala ni rahisi: ndani ya mstari watu wanakula vidonge na wote ni wagonjwa; nje ya mstari hakuna anayekula na wote ni wazima; basi vidonge ndivyo vinavyoleta ugonjwa. Wajumbe wakagonga meza. Wa pili, aliyejulikana kwa umakini, aliuliza kama vidonge vyenyewe vinafahamu kwamba vimevuka mstari, maana kama havifahamu vinaweza kuendelea kufanya kazi kwa makosa. Hilo likawachukua muda. Bwana Buheri akaomba radhi tena, akasema amesikia kelele ghalani. Akatoka, akarudi, akakaa, akasema ghala liko salama.

"Mgeni aseme," alisema.

Bi Somoe akasimama. Alikuwa ameandaa maneno mengi, lakini pumzi haikutosha maneno mengi.

"Waheshimiwa, mimi siwabishii sheria yenu. Mstari ni wenu, chokaa ni yenu. Ila moyo wangu haujui kusoma. Ulivuka pale umechoka, na umeendelea kuchoka. Nipeni kidonge changu, na hiyo mito mitatu nawarudishia, na utepe wake."

"Hakuna mtu nchi hii," alijibu Bwana Buheri taratibu, "anayehitaji kidonge nje ya mstari. Tangu nivuke mimi, miaka minane, hakuna kidonge kilichopita kooni humu. Nitazameni. Kuna anayejisikia vibaya hapa? Aseme."

Kumi na wawili walikuwa wakihema, kila mmoja kwa zamu yake, na chumba kizima kilisikika kama mafundi wanapiga randa. Ndipo Bi Afueni akainuka, ameshika mgongo wa benchi.

"Mimi... si sijambo," alisema.

Karani Nukuu aliacha kalamu hewani. Katika madaftari yake hapakuwa na mahali pa kuliandika neno hilo.

"Sijalala chali mwaka wa pili," Bi Afueni akaendelea. "Nikienda kisimani napumzika mara nne. Mume wangu hakuwa anawaza. Alikuwa anazama... nami nilikuwa natandika mito." Akakaa.

Mjumbe wa umakini akatazama miguu yake mwenyewe chini ya meza. Mwingine akasema polepole, kana kwamba anajisemesha, kwamba hata yeye ile ghorofa ya juu ya nyumba yake hajaiona tangu mfungo uliopita. Bwana Buheri akagonga meza.

"Wasilainike watu. Sumu ni sumu. Karani, bahasha hii hapa, ifunguliwe, vidonge vihesabiwe mbele ya wajumbe, kisha vitupwe chooni." Akaanza kukaa, akabadili nia nusu ya njia, magoti yakiwa yamekutana. "Au visihesabiwe. Tuahirishe. Nisubirini, nakwenda uwanjani kukagua bendera." Bahasha ikabaki mezani, naye mlango ulikuwa umeshafungwa nyuma yake.

Alipotoka tu mvua ikashuka, mvua ya kweli, ikapiga mabati ikawabidi wajumbe wasogezeane viti ili wasikilizane.

Karani Nukuu ni mtu wa amri. Ameambiwa hesabu, akaambiwa usihesabu. Akachagua ile ya kwanza kwa kuwa ilikuja kwanza. Akaigeuza bahasha. Muhuri wa mbele ulikuwa mzima, lakini upande wa chini gundi ilikuwa mbichi. Akavimwaga vidonge kwenye karatasi, akavihesabu kwa ncha ya kalamu, akavihesabu tena kwa kalamu ya sikio la pili.

"Kumi na vinane," alisema.

"Niliingia na ishirini na vinane," alisema Bi Somoe. "Uliandika mwenyewe."

Karani alitazama mwandiko wake juu ya bahasha. Alikuwa mtu aliyeandika hajambo miaka kumi na tisa bila kuuliza mtu, na pengine lile lilikuwa swali lake la kwanza. Aliliuliza kwa sauti ndogo.

"Bibi. Mtu akimeza hiki, kinamfanyaje?"

"Kwanza miguu inapungua," alisema Bi Somoe. "Viatu vinaingia. Pumzi inarudi, unaongea bila kupumzika."

"Na kingine?"

"Kingine ni adha tu. Kinakuita chooni. Haipiti nusu saa, unatoka. Ukirudi hujakalia kiti vizuri, kinakuita tena. Asubuhi nzima huna kazi nyingine ila kwenda na kurudi. Nyumbani nikikimeza hata sokoni siendi."

Vichwa kumi na viwili viligeuka kimoja kimoja, vikatazama kiti kitupu cha mbele. Karani akachukua kidonge kimoja, akakiweka kwenye kiganja cha Bi Somoe, akammiminia maji yake mwenyewe ya mezani, funda moja, kama alivyoomba. Kisha akasukuma karatasi upande wa Bi Afueni, akamwambia avitazame tu kwanza, na kwamba kesho atamsindikiza yeye mwenyewe kwa daktari ndani ya mstari, na daftari la mizani mkononi. Bi Afueni aliuliza kama mizani nayo waibebe. Karani akasema maua wayaache.

Nyayo zikasikika ukumbini, nyepesi, za haraka, si nyayo za mtu wa mito saba. Mlango ukafunguliwa. Bwana Buheri akaingia akiweka sawa joho lake, akapita katikati ya wajumbe, akakaa.

"Bendera iko vizuri," alisema. Mvua ikamzidi sauti, akarudia. "Nimesema nimesimama uwanjani muda wote huu, chini ya mlingoti. Bendera iko vizuri."

Mjumbe mmoja akatazama kofia ya Bwana Buheri, mwingine akatazama mabega yake. Karani Nukuu akatoa kitambaa mfukoni, akakikunjua, akamnyooshea kwa heshima zote.

"Jifute mvua, mheshimiwa."

Bwana Buheri akakitazama kile kitambaa. Akaiona karatasi mezani, akaviona vidonge, akayasikia mabati.

"Viwili kwa siku ni vingi, baba," Bi Somoe akamwambia kwa upole. "Tena hujapimwa. Ungemwona nesi kwanza."

Mkuu wa Uzima akakipokea kitambaa. Akajifuta paji la uso, akajifuta shingo, bega la kulia na la kushoto, taratibu, bila kuacha mahali, akamrudishia karani kikiwa kikavu.